Tusiisingizie Mbegu: Nyuki, Dawa na Makonde Yetu ya Pemba

Hotuba kwa wafugaji nyuki, wakulima wa mboga na wanafunzi, Mkoa wa Kaskazini Pemba, Siku ya Nyuki Duniani, 20 Mei

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, mama zangu, vijana na wanafunzi, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Najua wapo waliovuka mabonde kwa miguu mpaka kufika hapa skuli, na wapo walioacha mpunga haujapaliliwa. Nyuki wenyewe leo wamejifungia. Masika kwao ni wakati wa kula akiba, na mwenye mizinga aliyerina mpaka sega la mwisho mwezi wa pili sasa hivi anawatesa kwa njaa. Lakini hilo nitalisema siku nyingine.

Leo nimekuja na swali la mwanafunzi. Wiki mbili zilizopita kijana wangu wa kidato cha tatu alinionyesha picha iliyotumwa kwenye kundi lao la simu. Hindi limechorwa fuvu la kichwa, na chini yake imeandikwa kwamba mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, ndiyo yanayowamaliza nyuki duniani. Akaniuliza, "Mwalimu, hii kweli?" Nikamwambia anipe muda, kwa sababu swali lile lina mambo matatu ndani yake yaliyofungwa kitita kimoja, na nisingeweza kumjibu mlangoni pa darasa kengele imeshalia.

Jibu langu nalitanguliza ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Kinasaba kilichotiwa ndani ya mahindi au pamba ili kuwaua viwavi, kwa yote yaliyochunguzwa mpaka leo, hakimuui nyuki. Dawa ya kupulizia inamuua. Na Pemba hii, ambako hakuna mtu hata mmoja anayepanda mahindi ya GMO, nyuki wanakufa. Nayajua hayo kwa sababu nimewazoa kwa mikono yangu.

Mizinga yangu minane iko pembezoni mwa mikoko, chini ya michu, mahali ambapo maji ya bamvua yanafika karibu lakini hayagusi. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, kaskazi imekaza, na wakulima wa matikiti wanaiwahi Ramadhani. Nilikwenda asubuhi kabla ya kazi, kama kawaida yangu. Mzinga mzima una mvumo wake. Ukisogea unausikia kabla ya kuuona. Siku ile sikusikia kitu. Nikadhani wamehama, maana nyuki wetu wa pwani ni wepesi wa kuhama. Nilipofika nikaona ardhi mbele ya mizinga imekuwa nyeusi.

Walikuwa wamelala kwa maelfu. Wengine walikuwa bado hai, wamelala chali, wanazunguka kama pia, hawawezi kugeuka. Ndimi zao zimetoka nje. Nilimwokota mmoja nikamweka kiganjani. Vikapuni mwa miguu yake ya nyuma alikuwa amebeba chavua ya manjano, donge mbili safi, hajaitua. Alirudi nyumbani na mzigo wake, akafia mlangoni. Nilichukua ufagio wa chelewa nikawazoa, nikajaza kibaba, nikajaza cha pili, cha tatu, nikaacha kuhesabu. Mizinga mitano haikusimama tena. Ndani yake malkia alikuwa hai na majana, yaani watoto wa nyuki, yamejaa masegani, lakini hakukuwa na vibarua wa kuyalisha, na baada ya siku chache majana yale yakaanza kunuka.

Nilikwenda kwa jirani yangu wa makonde ya juu. Sikwenda kugombana. Akanikaribisha, akanipa dafu, nikamweleza. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bi Mwalimu, mie nimepulizia matikiti yangu. Sikupulizia mizinga yako." Na alisema kweli. Nikamuuliza alipulizia saa ngapi. Akasema saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Akanionyesha chupa mbili, moja ya wadudu na moja ya ukungu, alizochanganya bomba moja kwa sababu aliambiwa dukani kwamba ukichanganya unaokoa nguvu na siku.

Sasa tulitazame tikiti lenyewe. Mtikiti una maua ya dume na maua ya jike, mbalimbali, katika mche mmoja. Ua la jike utalijua kwa kile kitikiti kidogo kilicho shingoni mwake. Linafunguka asubuhi na mapema, na kufika mchana limeshajifunga, halifunguki tena. Katika saa zile chache, chavua ya ua la dume lazima iletwe juu yake, na isiwe punje mbili tatu, iwe nyingi na ienee pande zote. Upepo haufanyi kazi hiyo, maana chavua ya mtikiti ni nzito na inanata. Anayeifanya ni nyuki, na inabidi aje mara nyingi kwenye ua lile lile. Kwa hiyo saa mbili asubuhi katika konde la matikiti ndiyo saa ambayo nyuki wote wa mtaa wako sokoni.

Mwaka ule jirani yangu alivuna matikiti yaliyopinda, yenye shingo nyembamba kama kibuyu, na mengi yalianguka yakiwa saizi ya ndimu. Alidhani mbegu ilikuwa mbovu. Alikuja kuniuliza mimi kama mbegu ile ilikuwa ya GMO! Nikamwambia hapana, ndugu yangu, mbegu yako ilikuwa nzuri. Uliwaua waposaji siku ya harusi.

Ndiyo maana neno hili la GMO linanihuzunisha linapotumiwa ovyo. Linatupa mtu wa kumlaumu aliye mbali, na bomba liko mgongoni mwetu.

Lakini swali la kijana wangu linastahili kujibiwa sawasawa, kwa hiyo twende nalo.

Kuna bakteria anayeishi kwenye udongo anayeitwa Bacillus thuringiensis. Kwa mara ya kwanza alionekana Japani mwaka 1901, akiwaua viwavi wa hariri, na jina lake alilipata Ujerumani baada ya kukutwa mwaka 1911 kwenye viwavi wa nondo wa unga, katika jimbo la Thuringia. Bakteria huyu hutengeneza protini. Kiwavi akiila, protini inayeyuka ndani ya tumbo lake, ambalo lina hali ya magadi, kisha inajishika kwenye kuta za utumbo mahali maalumu inapokaa kama ufunguo kwenye kufuli, na utumbo unatoboka. Kiwavi anaacha kula, anakufa. Mdudu asiye na kufuli ile, ufunguo haumfanyi kitu. Nyuki hana kufuli ile.

Wataalamu walichukua kinasaba cha protini hiyo wakakitia ndani ya mahindi na pamba, na mazao hayo yalianza kulimwa Marekani mwaka 1996. Watu wakauliza, na wana haki ya kuuliza: chavua ya mahindi haya ina protini ile, na nyuki anaikusanya chavua kuwalisha watoto wake, sasa itakuwaje? Hapo niseme jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Hindi halimhitaji nyuki, linachavushwa na upepo, lakini nyuki analifuata shada la maua ya dume lililo kileleni mwa mhindi kwa ajili ya chavua. Kwa hiyo swali ni la haki. Likafanyiwa kazi. Mwaka 2008 watafiti walikusanya majaribio 25 yaliyofanywa kila moja kwa nafasi yake, nyuki wakubwa na majana wakilishwa protini ile, wakayapima kwa pamoja. Hawakuona imepunguza uhai wa nyuki, wala wa mkubwa wala wa mdogo.

Na wafugaji wenzangu hapa mtanielewa zaidi kwa mfano huu. Mnamjua nondo wa nta, yule anayeingia kwenye sega lililohifadhiwa akaliacha limekuwa utando na mavi. Katika nchi za Ulaya wafugaji hunyunyizia masega yao ya akiba bakteria huyo huyo, wa jamii inayoua viwavi wa nondo, kisha sega lile lile wanalirudisha mzingani kwa nyuki, na nyuki wanaishi juu yake. Mfugaji hawezi kuliweka hilo mzingani kama lingekuwa linaua nyuki wake.

Basi picha ile ya fuvu ilitoka wapi? Haikutoka hewani. Kulikuwa na msiba wa kweli. Mwisho wa mwaka 2006 wafugaji wa Marekani walifungua mizinga wakakuta asali ipo, majana yapo, malkia yupo, vibarua hawapo. Hawakuwa wamekufa mlangoni kama wangu, walitoka hawakurudi. Nchi nzima ikataharuki. Na kwa kuwa Marekani ndiko GMO ilikokuwa imeenea, watu waliunganisha hili na lile. Lakini wapo waliopotelewa na mizinga mahali ambapo mazao hayo hayakuwapo, na wapo waliofuga katikati ya mashamba hayo mizinga ikasimama. Baada ya miaka ya uchunguzi hakikupatikana kisababishi kimoja. Yamepatikana mengi yanayosaidiana: utitiri anayeitwa varoa, anayenyonya nyuki na kuwaambukiza virusi; vijidudu vya tumboni; lishe mbovu katika nchi ambayo maili kwa maili kumepandwa zao moja; mizinga kubebwa kwenye malori kutoka jimbo hadi jimbo; na dawa.

Kwenye dawa hapa ndipo napaomba mpasikilize vizuri, maana ndipo mambo mawili yalipochanganywa.

Mbegu za mahindi zinazouzwa kule, za GMO na zisizo za GMO, karibu zote hupakwa dawa kabla hazijatiwa mfukoni. Mnaziona na hapa kwetu, zile mbegu nyekundu au za buluu zinazoacha rangi vidoleni. Miongoni mwa dawa zinazopakwa ni za ukoo wa neonikotinoidi: imidaklopridi, klothianidini, thayametoksamu. Zimetengenezwa kwa mfano wa nikotini ya tumbaku. Haziishii kwenye ngozi ya mbegu. Mche unapoota unazinywa, zinapanda na maji, zinafika kwenye jani, zinafika kwenye ua, zinafika kwenye mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kwenye chavua. Na zinashika mishipa ya fahamu ya mdudu yeyote, awe kiwavi, awe nyuki. Imidaklopridi ya kumuua nyuki mmoja akiila ni takriban nanogramu 4. Chukua gramu moja, igawe mafungu bilioni moja. Mafungu manne ndiyo kifo chake.

Katika machipuko ya mwaka 2008, kusini-magharibi mwa Ujerumani, wakulima walipanda mahindi yaliyopakwa klothianidini, na dawa haikushikamana vizuri na mbegu. Mashine za kupandia zikapuliza vumbi lake hewani, likatua kwenye maua ya jirani. Zaidi ya mizinga 11,000 ikadhurika. Serikali yao ikasimamisha mara moja. Mwaka 2012 Wafaransa wakafanya jaribio la aina yake: waliwabandika nyuki zaidi ya 600 vijichipu mgongoni, wengine wakawapa sukari yenye thayametoksamu kidogo, kipimo kisichoua, wakawaachia mbali na mzinga. Waliopewa dawa walishindwa kurudi kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Hawakufa kwa sumu, walipotea njia. Nyuki aliyepotea njia hafi mlangoni kwako ukamwona. Unafungua mzinga siku moja unakuta umepungua, unasema wamehama. Nami nimesema hivyo mara ngapi! Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo tatu nje ya nyumba za kuoteshea mimea.

Kwa hiyo mtu anayesema mbegu ile inaua nyuki, na mtu anayesema mbegu ile haiui nyuki, wanaweza kuwa wameshika mbegu moja. Mmoja anasema juu ya koti, mwenziwe anasema juu ya mwili uliomo ndani.

Na lipo la tatu, ambalo watetezi wa GMO wanapenda kulipita haraka. Mazao mengi ya GMO duniani hayakutengenezwa kuua viwavi, yametengenezwa kustahimili dawa ya magugu, glaifosati. Mkulima anapulizia shamba zima, kila jani linakufa, linabaki zao lake. Glaifosati haimwangushi nyuki papo hapo kama dawa ya wadudu, ingawa mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba inawapunguza bakteria wema wa tumboni mwake na kumwacha dhaifu mbele ya maradhi. Ubaya wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni shamba lisilo na ua lolote la mwituni. Magugu kwako ni adui. Kwa nyuki ndiyo futari ya kati ya msimu na msimu. Hapa sitaki kumpaka mtu mafuta: mbegu ya namna hii, ikija na tabia yake hiyo, itawanyima nyuki chakula, na mimi mfugaji nitasimama kuipinga kwa sababu hiyo. Sina haja ya kusema uongo kwamba inawapa sumu kwenye vinasaba.

Mtaniuliza, basi ile ya kuua viwavi ni nzuri, tuilete? Jambo hilo lina mizani yake. Mwaka 2014 ulitolewa uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba kwa wastani wakulima wa GMO walipunguza dawa kwa asilimia 37. Dawa ikipungua nyuki anapumua. Lakini China, pamba ya namna hiyo ilipowaondoa viwavi na mabomba yakawekwa chini, kunguni wa mimea wakaongezeka, na dawa ikarudi kwa mlango mwingine. Burkina Faso waliilima pamba hiyo tangu 2008, wakaiacha 2016, si kwa ajili ya nyuki, bali nyuzi zake zilikuwa fupi na soko likawakataa. Majirani zetu Kenya waliondoa marufuku yao mwaka 2022. Tanzania Bara majaribio ya mahindi yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, yakasimamishwa 2018, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza kuyafunga. Mimi kwa umri wangu na nilivyoona sivipendi vitu vinavyotufanya tununue mbegu kila msimu. Lakini hiyo ni hoja ya mfuko, haimhusu nyuki, na nisingependa kumvisha nyuki kanzu ya hoja yangu.

Tena sisi Wazanzibari si wageni wa elimu ya wadudu. Wazee wanakumbuka mbung'o wa Unguja. Waliondolewaje? Baada ya kwanza kuwapunguza kwa dawa ya kupaka ng'ombe, madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi yasizae, yakamwagwa kwa ndege kwa mamilioni tangu 1994. Jike likipandwa na dume lile halipati mtoto. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Ilipimwa, ikafuatiliwa, ikahesabiwa, na nyuki hakuguswa na ndege zile. Elimu ikipimwa hivyo sina hofu nayo.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko ninakoumia.

Miaka ya utoto wangu mkulima wa Pemba alikuwa na jembe na panga. Karafuu hatukuipulizia. Kwa bahati mbaya nyuki hafaidi sana mikarafuu, kwa sababu tunaichuma kabla haijachanua, na yale machache tunayoyasahau juu ya mti ndiyo fungu lake. Chakula chake ni minazi, ambayo haina msimu, ni miembe, mikorosho, michu ya pwani, na miti ya msitu wa Ngezi. Leo tuna tungule, matango, mabamia, matikiti, pilipili, na hilo ni jambo la heri, watoto wanasoma kwa tungule. Lakini wakaja wadudu wapya. Inzi mgeni wa matunda alionekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Kantangaze, nondo anayeshambulia tungule, akafuata. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika 2016 na Tanzania mwaka uliofuata. Kila mmoja alipokuja, mkulima alikimbilia dukani, na dukani alipewa chupa.

Chupa hizo zina nini? Nyingi ni za jamii ya pareto za kiwandani, kama lambda-sihalothrini na sipametrini. Nyingine profenofosi, nyingine abamektini. Zote hizo ni kali kwa nyuki. Ule utepe wa rangi ulio chini ya chupa, mwekundu, wa manjano, wa buluu, wa kijani, unaeleza hatari kwa mtu. Haumzungumzii nyuki. Dawa yenye utepe wa buluu inaweza kukuachia wewe maumivu ya kichwa tu na kuumaliza mzinga mzima. Habari ya nyuki imeandikwa ndani ya maelezo, kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa lugha isiyo yetu. Na kuchanganya, ndugu zangu, kunazidisha. Zipo dawa za ukungu ambazo peke yake hazimdhuru nyuki, lakini zinalizuia tumbo lake lisiivunje dawa ya wadudu, na kipimo ambacho angekihimili kinamuua. Vizibo vyetu navyo! Karatasi inasema kizibo kimoja kwa bomba, mtu anatia vitatu, kisha anaongeza kimoja cha baraka.

Jirani yangu na mimi tulikaa, tukapatana. Msimu wa pili hakupulizia asubuhi. Alipulizia baada ya magharibi, nyuki wamesharudi, na maua ya matikiti yameshajifunga. Dawa nyingi za kupulizia zikilala usiku mzima zikakauka, ukali wake kwa nyuki unapungua. Si zote, dawa ya unga inayokaa kwenye ua kama chavua haijali usiku, nyuki anaibeba mpaka ndani akawalisha watoto, na hiyo tumekubaliana asiiguse kabisa wakati wa maua. Zile zinazonywewa na mche pia haziangalii saa, kwa hivyo nazo ameziacha mpaka matunda yameshika. Nikamletea dawa ya bakteria niliyowaeleza, ambayo inauzwa kama unga wa kukoroga na maji, kwa viwavi wa mabamia yake. Akaanza kutembea kondeni asubuhi na kuhesabu wadudu kabla ya kushika bomba, na siku nyingine akarudi bila kupulizia.

Yeye ananipigia simu jioni moja kabla. Mimi nachukua magunia, nayalowesha maji, usiku nayafunika juu ya mizinga na milango, na asubuhi nayamwagia maji tena. Nyuki wanachelewa kutoka, wananywa maji palepale. Kufika saa nne nayaondoa. Yasikae mchana kutwa, jua la kaskazi litawapika. Anayejaribu hili mara ya kwanza aniite, nije tufunike pamoja, kwa sababu gunia kavu lililobana mlango nalo linaua.

Mwaka huo alivuna matikiti ya mviringo. Alinitumia moja kwa punda, kubwa mpaka nikaligawa nyumba tatu.

Lakini mimi na yeye ni wawili, na nyuki wangu wanaruka kilomita tatu kila upande. Wanafika kwenye makonde ya watu nisiowajua, na wao hawajui mizinga yangu iko wapi. Wapo humu ndani waliopulizia wiki iliyopita na hawakujua nyuma ya mikoko kuna mzinga. Wapo waliopoteza mizinga wakadhani ni husuda.

Nimemwomba Mheshimiwa Sheha, na amekubali, kuwe na daftari. Lina kurasa mbili zinazotazamana. Kulia aandike mwenye mizinga: mizinga mingapi, iko upande gani, nambari ya simu. Kushoto aandike mwenye konde: analima nini, maua yanaanza lini, nambari ya simu. Atakayekusudia kupulizia ataangalia ukurasa wa kulia apige simu siku moja kabla, na asiyekuwa na salio amtume mtoto. Litakaa nyumbani kwa Sheha, na mwanafunzi wangu aliyeniletea picha ya fuvu ndiye atakayelinakili kila mwezi.

Kalamu ninayo hapa. Naomba tuanzie safu ya mama zangu wa tungule.